Boma la Korongo

Lenzi yangu ni ndefu, na kwetu upande wa Muthetheni kitu kirefu kikielekezwa shambani kina maana moja tu: mtu amekuja kupima barabara, na mashamba ya watu yatakatwa. Mara ya kwanza nilipolala kifudifudi kwenye ukingo wa silanga, lile bwawa letu la kunyweshea mifugo, mwanamume mmoja aliacha punda wake na mitungi katikati ya njia, akaja kusimama juu ya kichwa changu.

"Hii barabara inapita wapi?"

"Hakuna barabara. Ninapiga picha ndege."

"Ndege gani?"

Nikamwonyesha bata wawili waliokuwa wakielea karibu na matete. Akawatazama bata, akanitazama mimi, akawatazama bata tena. Kisha akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomwambia, alitikisa kichwa kwa huruma.

"Na baba yako alikuwa mtu wa kazi," akasema, akarudi kwa punda wake.

Habari zilienea, kama zinavyoenea kwetu, na tangu hapo nikawa mtu wa kuchekwa. Kina mama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi za shamba, walikuwa wakipita na majembe mabegani wakisema kwa sauti ya kunifikia, "Wenzake wanachunga ng'ombe, yeye anachunga ndege!" Mimi niliwajibu kuwa ndege wangu hawajawahi kuingia kwenye mahindi ya jirani. Walicheka, nikacheka, wakaenda zao.

Siku za kazi ninakaa Syokimau. Kazi yangu ni kuingiza namba za makontena kwenye kompyuta, na ikifika Ijumaa jioni macho yangu hayaoni kitu kingine ila namba. Jumamosi ninaondoka mapema na kamera niliyonunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na jua likipanda nimeshalala kwenye ukingo, sisimizi wananitembelea shingoni, ninasubiri. Watu huniuliza ninapata faida gani. Swali hilo hunikera. Anayetazama mpira jioni nzima haulizwi anapata faida gani.

Baba alifariki mwaka jana, wakati wa kuvuna mbaazi. Baada ya mazishi mama alikaa. Sijui neno jingine la kusema. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni asubuhi, na jioni ulimkuta pale pale. Sokoni hakwenda. Kanisani alikwenda pale tu shangazi alipokuja kumvuta mkono. Mwethya aliiacha kabisa, na mwethya ina sheria yake: asiyechimbia wenzake hachimbiwi. Wale kina mama walivunja sheria kwa ajili yake, wakaja na majembe yao, wakamtengenezea matuta ya shamba zima. Yeye aliwatazama kutoka mlangoni kama watu wanaochimba shamba la mtu mwingine.

Mimi ni kitinda mimba, na zamu ya kumpigia simu kila jioni ilikuwa yangu.

"Mwaitu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Mazungumzo yetu yalikuwa hayo, miezi na miezi.

Mvua za masika zilipokwisha, silanga ikiwa imejaa, korongo wawili walikuja. Namsema yule korongo wa taji, mrefu, wa kijivu, mwenye mashavu meupe na nywele za dhahabu zilizosimama kichwani. Nilikuwa nimewaona mara kadhaa wakipita juu, wakilia, lakini hawakuwahi kukaa kwetu. Safari hii walikaa. Walijenga kule mkiani mwa silanga, maji yanapoingilia, mahali penye matope na manyasi marefu. Niliwatazama kwa mbali, kutoka ukingo wa pili, hadi asubuhi moja yule jike aliposimama, akageuka, akainamisha mdomo na kuanza kuzungusha kitu taratibu chini ya miguu yake. Mayai. Yalikuwa matatu, meupe yenye ubuluu kidogo. Nilibonyeza kwa pupa, na picha ya kwanza ikatoka ukungu mtupu.

Niliikimbiza kamera nyumbani. Mama alikuwa kizingitini. Nilimwekea kioo cha kamera mbele ya macho, nikaikuza picha hadi mayai yakajaa.

"Ni ya nani?"

"Ya yule ndege wa taji. Ameyalalia pale silangani."

Alipangusa mikono kwenye leso, akaishika kamera mwenyewe. "Na akilala hivyo, nani anamletea chakula?"

"Haletewi. Wanapokezana na mume wake. Mmoja analala, mwingine anakula."

"Bwana yake bado iko?"

"Yuko. Ndiye huyu amesimama huku nyuma."

Aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Siku iliyofuata, tukitoka kanisani, alinifuata silangani na nguo zake za ibada, viatu mkononi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda mahali bila kuvutwa. Tulikaa kwenye ukingo, akachungulia kwenye lenzi, akafumba jicho lisilo sahihi, akaona giza, akanilaumu mimi. Alipomwona korongo alisema "Aiya!" kwa sauti iliyowafanya bata wote waruke.

Halafu akaona kile nilichokuwa nimeshakiona mimi. Ng'ombe walikuwa wakishuka kunywa maji upande ule ule, na mbwa nyuma yao.

"Hawa wataikanyaga," alisema. Nilisema tu kwamba ndivyo ilivyo na ndege wa majini, wengine hupona na wengine hawaponi. Alinitazama kama mtu aliyesema upuuzi.

Jumatano jioni, kabla sijapiga simu, simu yangu ililia. Mama, ambaye hakuwa amenipigia tangu mazishi, alikuwa anahema kwa furaha.

"Leo tumefanya kazi!"

Alikuwa amekwenda mwethya. Alikwenda mwenyewe, na jembe lake, akawaeleza kina mama habari ya mayai. Wao nao, kwa kumwona amesimama tena katikati yao anaongea, waliyaacha matuta waliyokuwa wanachimba, wakatelemka silangani wote na mapanga. Walikata matawi ya mgunga, yale yenye miiba mirefu, wakakizungushia kiota uzio.

"Kama boma ya mbuzi," alisema. "Ng'ombe haiwezi ingia. Mbwa haiwezi ingia."

"Na ndege wenyewe?"

"Walikuwa wamesimama kando wanatuangalia. Hata hawakuogopa."

Ninavyomjua korongo, ukimbadilishia mahali pake huhama. Lakini ningemwambia nini? Sauti ile sikuwa nimeisikia karibu mwaka mzima. Nikamwambia wamefanya vizuri, nikabaki na hofu yangu hadi Jumamosi.

Jumamosi nilikuta boma kweli. Watu wanaojua kujenga boma walikuwa wamejenga boma: mashina ndani, miiba nje, tawi moja likishikana na jingine hivi kwamba huwezi kuvuta moja bila kuvuta yote. Lilikuwa dogo, la kutosha mbuzi wawili na mtoto wao. Nililaani kimoyomoyo. Kisha nikaona kwamba upande wa nyuma, kwenye manyasi, walikuwa wameacha pengo. Labda matawi yaliisha, labda mvua iliwakimbiza. Na kwenye shamba moja la mahindi yaliyovunwa, kando ya silanga, dume la korongo lilikuwa linatembea, unyoya mmoja bawani umekatika.

Korongo mwenye kiota hatui juu ya kiota chake. Hutua mbali, kisha huja kwa miguu, akidonoa hapa, akisimama pale, akienda kushoto wakati anataka kulia, ili yeyote anayemtazama asijue kwake ni wapi. Huyu alikuja hivyo hivyo. Alizunguka boma, akafika kwenye pengo, akainamisha taji lake chini ya miiba, akaingia. Muda kidogo jike likatoka kwa njia ile ile, likajinyoosha mguu mmoja mmoja. Nilipiga picha ya taji likipita katikati ya miiba, na hadi leo sijapiga nzuri kuliko hiyo. Nilicheka peke yangu. Kina mama wa mwethya walikuwa wamewashinda wataalamu wote, na mlango wakaweka bila kujua.

Siku zilizofuata zilikuwa njema. Nasema hivyo bila kusita, maana nilizijua kuwa njema wakati zinapita. Mama alikuwa akinipigia kila jioni: leo ameamka mara ngapi, leo bwana yake amechelewa, leo mvua imenyesha na amejikunja tu pale pale. Alirudi mwethya. Alirudi sokoni, na shangazi akaniambia amegombana na mwenye maharagwe hadi watu wakasimama kutazama. Mama kugombania maharagwe! Nilitamani kwenda kumshukuru mwenye maharagwe. Alikuwa akiniuliza watoto watatoka lini, nami nilimwambia wakati unakaribia.

Jumamosi nyingine nilifika kukiwa na ukungu na baridi ile ya kwetu ya kati ya mwaka, inayogandisha vidole kwenye kamera. Ukungu ulipoinuka niliwaona korongo wote wawili, na wote wawili walikuwa nje.

Niliweka jicho kwenye lenzi. Jike lilikuwa linalizunguka boma. Lilitembea polepole, lilifika upande wa nyuma, lilisimama, likainamisha kichwa namna ile ya kuingia, likakiinua. Likatembea tena. Likarudi pale pale, likainamisha kichwa. Pengo halikuwapo. Mahali pake palikuwa na matawi ambayo majani yake bado yalikuwa ya kijani, yamefungwa kwa kamba ya katani, na fundo la kamba ile, nilipolikuza, nililijua. Hakuna mtu mwingine anayefunga hivyo, anazungusha mara mbili na kuficha ncha. Ndivyo alivyokuwa akitufungia vitabu vya shule.

Kidole changu kiliendelea kubonyeza. Sikuwa na kazi nyingine ya kukipa.

Mama alikuja nyuma yangu na chupa ya chai.

"Umeona?" alisema. "Walikuwa wameacha shimo kubwa hapo nyuma. Watu wa mwethya siku hizi wanafanya kazi ya haraka haraka. Nimefunga mwenyewe. Sikukuambia kwa simu, nilitaka ujionee."

"Siku gani, Mwaitu?"

"Alhamisi. Niliona mbwa anazungukazunguka hapo." Alinionyesha mikono. Ilikuwa imechanwa na miiba hadi kwenye viwiko, na yeye aliionyesha kama mtoto anayeonyesha viatu vipya.

Nilikasirika. Nilikasirika hadi masikio yakaziba, na nilipotafuta mtu wa kumkasirikia sikumpata. Kulikuwa na mama yangu, mikono imechanika, akinimiminia chai.

"Umefunga vizuri sana," nilisema. "Lakini hawa ndege wanataka mlango."

Alifikiri kidogo, kisha akacheka. "Hata mimi nyumba yangu iko na mlango. Ngoja nikawafungulie."

Nilimwambia akae, nitakwenda mimi. Niliingia kwenye matope, korongo wakaruka, wakapita juu ya kilima wakilia ile sauti yao kama tarumbeta yenye mafua. Nilikata kamba. Matawi yalikuwa yameshikana kama yalivyokusudiwa kushikana, nikavuta nikiumia, na nilipotoa la mwisho nikayaona mayai kwa karibu kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mazuri kuliko kwenye picha. Juu yake kulikuwa na umande. Yai linalolaliwa halipati umande, na haya yalikuwa yamelowa yote, matone madogo madogo, na baridi ya usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa ilikuwa imepita juu yake.

Mwenzangu mmoja wa kazini aliniuliza baadaye, "Si wana mabawa? Si wangeruka waingie?" Nami nilishajiuliza hivyo mara nyingi. Mabawa wanayo, na ukiyafungua ni mapana kuliko lile boma. Tena nimeshasema, korongo haingii kwake kutoka juu. Angeweza kujaribu. Hakujaribu, au alijaribu Alhamisi ile mchana, wakati mimi nilikuwa Syokimau ninaandika namba za makontena. Sijui, na sitajua.

Sikukata tamaa mara moja. Nilijiambia labda mayai ni sugu, labda mlango ukiwa wazi watarudi na kuyapasha moto. Nilirudi ukingo wa mbali, nikasubiri. Mchana ukapita. Jua lilipoanza kushuka walirudi kweli, wakatua shambani, na jike likaanza ule mwendo wake wa kujifanya halina haraka. Halafu likasimama, likainua shingo, likageuka. Niliifuata shingo ile na lenzi kuona limeogopa nini.

Mama alikuwa ameleta kigoda. Alikuwa amekiweka hatua chache kutoka mlango wa boma, amekaa, leso begani, fimbo mapajani.

Nilimwendea nikizungukia mbali. "Mwaitu, twende nyumbani."

"Na mlango nani atachunga?"

"Mlango hauhitaji kuchungwa."

"Wewe umefungua mlango na kenge iko hapa silangani. Nimeiona na macho yangu. Kenge ikiingia itakula yote." Alinishangaa. "Nyumba iko wazi na mwenyewe ametoka, halafu hakuna mtu? Hiyo si kuita wezi?"

Nikamwambia ndege wanamwogopa mtu. Akasema wamemzoea, kwa maana siku ile ya uzio walisimama wakawatazama tu. Nikamwambia akae mbali kidogo. Akasogeza kigoda, labda urefu wa kigoda kingine. Kina mama wawili wa mwethya walipita njiani na madumu yao, wakamwita, akawajibu, wakasimama wakaongea na kucheka. Mvulana alikuja na ng'ombe, mama akainua fimbo, akamwelekeza azunguke juu, na mvulana akazunguka. Alikuwa anaongoza silanga nzima. Nilimkumbuka kizingitini.

Hapo ndipo niliposhika makali. Ningemwambia ukweli, kwamba mayai yamepoa tangu Alhamisi na mkono uliofunga ni wake. Lakini ukweli ule usingeangua yai hata moja. Ungemrudisha tu nyumbani, na mimi nilijua angekaa wapi akifika. Ningenyamaza, naye angeendelea kukaa pale, na hata kama yai moja lilikuwa na uhai uliobaki, mwenye kuliokoa asingethubutu kusogea. Nilisimama kwenye matope nikizigeuza njia hizo mbili, na ndege wakatuacha, wakaruka.

Nilinyamaza. Jumapili nzima nilikaa ukingo wa mbali, yeye akakaa mlangoni, na korongo hawakuja.

Wiki iliyofuata niliwaona kilomita chache kutoka pale, kwenye uwanda wa majani, wamejiunga na wenzao, wanadonoa. Niliwajua kwa yule dume mwenye unyoya uliokatika bawani. Walikuwa wanene, wanameta, hawana shida na mtu. Niliwapiga picha nyingi. Sikumwonyesha mama.

Sasa ni wiki kadhaa. Kina mama wa mwethya wanajua, nadhani, maana wamefuga kuku maisha yao yote na wanajua yai linakaa siku ngapi. Hakuna aliyesema neno. Mmoja wao amemjengea mama kivuli cha matawi pale mlangoni ili jua lisimchome. Mimi ninakwenda kila Jumamosi, ninapiga picha bata, mbayuwayu, na wale ndege wadogo wa majini wenye miguu ya njano, na kila ninapoelekeza lenzi upande wa mkiani ninamwona yeye.

Jana jioni alinipigia simu akiwa na hasira njema.

"Kenge ilikuja."

"Leo?"

"Leo mchana. Kubwa! Ilipita kwa majani pole pole ikidhani nimesinzia. Nimeipiga fimbo ya mgongo, ikakimbia kwa maji."

"Na mayai?"

"Iko hapo. Yote tatu. Haikugusa."

"Asante, Mwaitu."

Nilisikia vyombo, na redio ya jirani.

"Lakini mama yao amechelewa," alisema.

"Amechelewa kidogo."

"Si kitu. Siku atarudi, atapata kila kitu vile aliacha."